Bei Mbili Si Kosa, Hadaa Ni Kosa



Zamani misafara iliyopita Unyamwezi kwenda Ujiji ilitozwa hongo kwa kadiri ya mali yake. Baadaye, chini ya sheria ya mwaka 1973, Tume ya Bei ilipanga bei za bidhaa nyingi. Udhibiti huo umekwisha. Leo mwuza asali wa Igalula anayemtoza abiria wa treni zaidi ya jirani yake hatendi kosa kwa hilo peke yake. Lakini Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumhadaa mnunuzi, na mwenye nguvu sokoni asizitumie kuua ushindani. Basi wajibu wa msomi ni kumfundisha mkulima kuuliza bei, kusoma mizani na kudai stakabadhi. Asiyejua haki yake angali analipa hongo.