Msumbiji: Mabomu Yameondolewa, Miguu Bado Yahitajika

Itakumbukwa kwamba tarehe 4 Oktoba 1992, mjini Roma, Serikali ya FRELIMO na wapiganaji wa RENAMO walitia saini mkataba uliokomesha vita vya miaka 16 nchini Msumbiji. Bunduki zilinyamaza. Mabomu ya ardhini yalibaki yalipofukiwa, kandokando ya njia, ya reli na ya nguzo za umeme wa Cahora Bassa, yakimngoja yeyote, awe askari au mama aendaye mtoni.

Kuyang'oa kulichukua zaidi ya miaka 20, hadi Septemba 2015 ilipotangazwa kwamba hakuna tena eneo lijulikanalo kuwa na mabomu hayo. Walishiriki hata panya buku waliofunzwa kunusa baruti katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Askari wasio na cheo, na posho yao ni ndizi.

Hata hivyo, tangazo hilo halikumrudishia mtu mguu. Mguu wa bandia huanza kwa fundi kukifunga kigutu kwa bandeji ya plasta. Ikikauka huivua, akamimina plasta laini ndani yake apate umbo la kigutu. Umbo hilo hulichonga kwa mkono, hapa akipunguza, pale akiongeza, ili uzito wa mwili uangukie mahali panapoustahimili. Kisha bamba la plastiki iitwayo polipropilini hupashwa moto katika tanuri hadi likalegea, likavikwa juu ya umbo. Plastiki hiyo haiozi kwa maji wala jasho. Lakini fundi akikosea kidogo tu, kigutu huchubuka, na mguu huo huishia uvunguni mwa kitanda.

Tena mguu huo haudumu. Mtu mzima huhitaji mwingine baada ya miaka michache. Mtoto, kwa kuwa anakua, huhitaji upesi zaidi. Aliyekanyaga bomu mwaka 1991 akiwa na miaka 8 bado anamhitaji fundi. Mafundi wa namna hiyo, kutoka nchi nyingi za Afrika, wamefunzwa Moshi, katika chuo cha TATCOT kilichoanzishwa mwaka 1981 karibu na hospitali ya KCMC.

Ni rahisi kumpata mfadhili wa kung'oa mabomu, kwani kazi hiyo ina mwisho na sherehe. Karakana ya miguu haina sherehe. Kila mwezi hudai plasta na plastiki. Naye mkulima wa wilaya ya mbali hana budi kusafiri hadi ilipo karakana, apimwe, angoje, ajaribishwe, na siku zote hizo shamba lake halina wa kulilima.