Ganda la saa linabadilishwa, lakini maji je?

Maneno yaliyotolewa mbele ya wanamemba, Nyawera, Bukavu



Kamati iliniomba niseme juu ya mkopo ulioombwa na vijana wawili wa kundi la ufundi. Wanataka kununua maganda kumi ya saa janja, zile saa za mkono zinazoungana na simu, na kuyabadilisha wao wenyewe hapa Nyawera. Wazo limetoka kwa wateja. Ndugu walio Ulaya ao Canada wanatuma saa za namna hiyo nyumbani, saa inaanguka kwenye sementi, ganda linapasuka, na mwenyewe anazunguka mafundi toka hapa mpaka Kadutu akitafuta mtu wa kuthubutu.

Nilikaa kwenye meza yao siku nzima wakijaribu saa moja kuukuu. Watu wengi wanafikiri ganda ni kama nguo: unavua, unavaa ingine. Kwa saa siyo vile. Batri, kadi, spika, mota ndogo ya kutetemesha, vibonyezo vya pembeni, vyote vimeshikwa ndani ya ganda, vingine kwa skrubu ndogo kuliko punje ya mchele, vingine kwa gundi. Kwa hiyo kubadilisha ganda ni kuhamisha nyumba nzima, na usisahau hata kijiko.

Saa zingine zinafunguliwa mgongoni. Apple Watch inafunguliwa mbele: unapasha kioo joto mpaka gundi ilegee, kisha unaingiza ubapa mwembamba pembeni. Kioo kinanyanyuka kidogo tu, ju kimeungwa ndani kwa waya bapa. Ukivuta kwa haraka waya inakatika, na kioo ni bei kali kushinda ganda. Batri nayo ni ya lithiamu. Ukiitoboa ao kuikunja inaweza kuwaka moto. Kisu cha jikoni tukakiweka mbali, tukaleta ubapa wa plastiki na ndoo ya mchanga. Halafu kuna vipimo: ganda la milimita 44 haliwezi kupokea saa ya milimita 40, na hata mbili za 44 zenye umri tofauti zinaweza zisilingane ndani. Lazima kusoma namba ya mgongoni kabla ya kuagiza.

Vijana walifika mwisho. Saa ikawaka, mkaguo wa moyo ukafanya kazi. Watu wakapiga makofi. Mimi niliuliza swali moja: na maji?

Ile gundi ya kioo haishiki kioo peke yake, inazuia maji pia. Saa iliyoandikwa mita 50 imepimwa kwa shinikizo ikiwa mpya. Ukiifungua, maandishi yanabaki mgongoni lakini kinga imeondoka, mpaka uweke gundi mpya ya kipimo chake na kuipima tena kwa shinikizo la hewa. Mama mwenye saa atafua nguo nayo kama alivyozoea. Baada ya juma moja atarudi na saa iliyokufa, na hatasema ganda ni baya, atasema vijana wa mutualité ni wezi. Ninyi muliorudi munajua: mutaa unachukua muda mrefu kukuamini, na kukukataa inatosha siku moja.

Kwa hiyo mimi naunga mkono mkopo, lakini orodha ibadilike. Maganda kumi yasinunuliwe. Yatakaa kwenye sanduku yakingojea saa inayolingana nayo. Pesa iende kwa kitanda cha kupasha joto, gundi za kioo, vyombo vya plastiki na kifaa cha kupimia kama saa inapitisha hewa. Ganda liagizwe mteja akishatoa arbuni. Kwenye risiti iandikwe wazi, kwa Kiswahili, kama saa imepimwa ao haikupimwa. Isiyopimwa isiguse maji.

Najua wafadhili wanapenda picha ya rafu iliyojaa bidhaa. Kifaa cha kupimia ni boksi tu, halina sura kwenye picha. Mutuvumilie.

Kura itapigwa kwenye mkutano ujao. Mwenye saa iliyokufa nyumbani ailete mbele ya hapo, vijana wanahitaji za kujifunzia, na za aina mbalimbali kama inawezekana.