Lugha ya Ibada na Maana ya Umaskini katika Imani ya Kikristo

(Mada iliyotolewa katika semina ya maadhimisho ya miaka 100 ya Usharika)



Kila Jumapili, kabla ya masomo kusomwa, Wakristo wa Kilutheri huimba wakimwomba Bwana awahurumie. Wengi hulichukua ombi hilo kuwa sehemu ya utaratibu, jambo la kupitia kuelekea mahubiri na matangazo. Hata hivyo yafaa kuuliza ombi hilo katika Injili linatoka vinywani mwa watu wa namna gani. Marko katika sura ya 10 ataja jina la mmoja wao: Bartimayo, kipofu, aliyeketi kando ya njia itokayo Yeriko akiomba sadaka. Aliposikia kwamba Yesu wa Nazareti anapita, alipaza sauti akiomba rehema. Umati ukamkemea anyamaze. Kwa hesabu ya watu wale, kelele za ombaomba hazikufaa kusikika mbele ya Mwalimu mkuu aliyekuwa akielekea Yerusalemu na msafara wake. Naye hakunyamaza, alizidi kupaza sauti, hata Yesu akasimama.

Ni kweli kwamba maneno ya namna hiyo yalijulikana pia nje ya Kanisa katika ulimwengu wa Kiyunani, na watu waliyatumia kwa miungu yao. Lakini Mkristo ayaimbapo hujifunza maana yake kwa Bartimayo. Yaani lugha ile iheshimiwayo kuliko zote katika liturjia, iimbwayo na kwaya iliyovaa joho na kuongozwa na kasisi aliyevaa kanzu na stola, ni kilio kilichopata kukemewa barabarani kwa kukosa adabu. Hapo ndipo mada hii ianzapo: anayelikopa neno la ombaomba kila Jumapili ana deni gani kwa ombaomba mwenyewe?

Kiswahili kina hazina kubwa ya maneno katika jambo hili. Yupo maskini, yupo fukara, yupo hohehahe asiye na mbele wala nyuma. Na wazee wa pwani walimwita mtu wa namna hiyo mkata. Neno maskini lilikuja kwa njia ya Kiarabu, na ukoo wake ni wa kale sana, kwa maana mizizi yake yaonekana katika lugha za Mesopotamia kabla ya nyakati za Ibrahimu kuandikwa. Ndugu yake yumo ndani ya Biblia ya Kiebrania yenyewe. Katika Mhubiri sura ya 9 panasimuliwa habari za mji mdogo uliozingirwa na mfalme mwenye nguvu. Akaonekana humo mtu maskini mwenye hekima, akauokoa mji kwa hekima yake, kisha hakuna aliyemkumbuka. Neno aitwalo mtu huyo kwa Kiebrania ni *misken*. Karl Roehl, aliyechapisha Biblia yake nzima ya Kiswahili mwaka 1937, alijitahidi sana kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu, na nia yake yaweza kueleweka. Lakini neno hili halikuhitaji kuombewa radhi kanisani, kwa maana lilikuwa limekwisha kuketi katika Maandiko.

Tena Waswahili hulitumia neno hilo kwa namna ambayo mwanatheolojia anaweza kuionea wivu. Tajiri akifiwa na mwanawe, jirani husema, "Maskini!" Hakuna anayeuliza juu ya mashamba yake. Mtoto akianguka barabarani, mama asiyemjua hupiga kelele, "Masikini wa Mungu!" Lugha imekwisha kutambua kwamba uko uhitaji usioondolewa na fedha, na kwamba mhitaji ana Mwenyewe. Lakini lugha hiyo hiyo inayo methali isemayo: maskini haokoti, akiokota huambiwa kaiba. Huruma na dharau hukaa katika kinywa kimoja, na neno ni lile lile.

Lugha za Biblia nazo hazikuridhika na neno moja. Waebrania walimtaja *ani*, mtu aliyeinamishwa na mateso, *ebyon*, mhitaji, *dal*, aliyedhoofika kama ng'ombe wembamba wa ndoto ya Farao. Wayunani walitofautisha *penes*, mtu wa kijungujiko aishiye kwa kazi ya mikono yake bila akiba, na *ptochos*, aliyejikunyata akinyosha mkono. Neno lile la kwanza limeonekana mara moja tu katika Agano Jipya, katika 2 Wakorintho 9:9. Yesu alipofungua kinywa mlimani, na alipotangaza heri uwandani kwa habari ya Luka, neno lililoandikwa ni la pili, lile la mtu aliyejikunyata. Hakuwaita heri watu wa kipato cha chini wanaojikimu. Aliwaita heri wale ambao pasipo kupewa hawali.

Mathayo aongeza neno "roho". Luka hakuliandika, bali afuatisha ole kwa walio matajiri. Kwa karne nyingi wenye mali wamempenda Mathayo kuliko Luka, na si vigumu kujua sababu. Umaskini wa roho waweza kusemwa na mtu mwenye nyumba tatu za kupangisha bila kumgharimu hata kodi ya mwezi mmoja. Lakini Mathayo hakuandika ili kumpatia mtu huyo maficho. Maskini wa roho ni mtu asimamaye mbele za Mungu kama *ptochos* asimamavyo mlangoni: hana hoja, hana stakabadhi, hana la kudai. Aliyefika hapo kwa kweli hawezi tena kumtazama mwombaji wa mlangoni kwake kama mtu wa kabila jingine. Luka na Mathayo hawagombani. Anayewagombanisha ana jambo lake.

Marko sura ya 12 yapaswa kusomwa polepole katika habari hii. Mjane wa senti mbili hujulikana na kila mtu, na hutajwa sana msimu wa mavuno unapofika. Lakini mstari utanguliao habari yake, ule wa 40, hauhubiriwi mara nyingi. Humo Yesu awaonya watu juu ya waandishi ambao hula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu kwa kujionyesha. Kisha, mara, mjane atokea na senti zake. Sala ndefu na nyumba iliyoliwa zimewekwa katika sentensi moja. Bwana hakuishutumu sala kwa urefu wake. Aliishutumu kwa sababu ya kile ilichokuwa ikifunika.

Pana swali jingine ambalo Mtanzania hawezi kulikwepa. Tangu uhuru mwaka 1961 Taifa lilifundishwa kwamba maadui wake ni watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Je, kitu kilichotangazwa kuwa adui na serikali chawezaje kutangazwa heri na Kanisa? Hayati Mwalimu Julius Nyerere, ambaye alikuwa Mkristo wa Kanisa Katoliki, aliligusa jambo hilo waziwazi mwezi Oktoba 1970 alipozungumza na masista wa Maryknoll huko New York. Alisema kwamba, kwa kuwa mwanadamu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, yeye akataa kumwaza Mungu aliye mnyonge, mjinga na mwenye hofu, katika hali ile ambayo wengi wa viumbe vyake huishi. Akaongeza kwamba Kanisa lisiposhiriki katika kupigana na hali zinazowadhalilisha watu litahesabiwa kuwa upande wa udhalimu.

Neno hilo lilikuwa kali, na lilistahili kuwa kali. Lakini Paulo, katika 2 Wakorintho 8:9, afundisha kwamba Kristo aliyekuwa tajiri alifanyika maskini. Luka asimulia kwamba Mariamu na Yusufu walipompeleka mtoto hekaluni walitoa sadaka ya ndege, ile ambayo Walawi sura ya 12 yamruhusu mama asiyeweza kupata mwana-kondoo. Basi Mungu amejulikana katika nyumba isiyokuwa na kondoo. Mwalimu alikataa umaskini usiitwe sura ya Mungu. Paulo afundisha kwamba Mungu aliingia ndani yake ili kuwatoa watu humo. Mistari inayofuata ya Paulo yathibitisha, kwa maana hapo alikuwa akichangisha fedha kwa ajili ya ndugu wahitaji wa Yerusalemu, na atumia neno usawa. Kwa hiyo njaa haikutangazwa heri mahali popote. Aliyetangazwa heri ni mwenye njaa, na tangazo hilo ni deni kwa mwenye chakula.

Martin Luther alilielewa deni hilo mapema. Katika hoja zake 95 za mwaka 1517, ile ya 43 yasema kwamba kumpa maskini au kumkopesha mhitaji ni tendo bora kuliko kununua vyeti vya msamaha. Mwaka 1520, katika waraka wake kwa wakuu wa Ujerumani, alitaka kuombaomba kukomeshwe kabisa miongoni mwa Wakristo, na kila mji uwatunze maskini wake. Hapo alikuwa akipinga fundisho lililozoeleka: kwamba maskini wapo ili matajiri wapate thawabu kwa kuwapa, na kwamba mtawa aombaye ni mtakatifu kuliko mkulima alimaye. Umaskini wa kuchagua ukavuliwa taji lake, na umaskini usiochaguliwa ukapewa sanduku la fedha.

Sanduku hilo lilikuwapo kweli. Mwaka 1523 usharika wa mji wa Leisnig katika Saksonia uliandika kanuni ya hazina ya pamoja, naye Luther akaiandikia utangulizi. Sanduku liwekwe kanisani, likiwa na kufuli nne tofauti: ufunguo mmoja kwa makabaila, wa pili kwa baraza la mji, wa tatu kwa wenyeji wa mjini, wa nne kwa wakulima wa vijijini. Hakuna aliyeweza kulifungua peke yake. Wasimamizi kumi walichaguliwa kila mwaka, na watatu kati yao walikuwa wakulima wa mashambani. Wahasibu wa sharika wa leo wenye sahihi mbili benki wataona kwamba Leisnig iliwazidi. Mpango ule ulipata taabu upesi, kwa kuwa baraza la mji halikutaka kukabidhi mali, na Luther alilalamika sana. Lakini mkulima alikuwa amekwisha kuandikwa kuwa mwenye ufunguo. Hakuandikwa kuwa mpokeaji tu.

Urithi huo ulifika Afrika Mashariki pia. Wamisionari walioanza kazi Mlalo, Usambara, mwaka 1891 baadaye walitegemezwa na Bethel, karibu na Bielefeld, mahali palipojulikana kwa kuwatunza wenye kifafa chini ya mchungaji Friedrich von Bodelschwingh. Kituo cha Lutindi kilianza kwa watoto waliokombolewa utumwani, kisha kikawa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili, watu ambao lugha ya mtaani hata leo haijawapatia jina la heshima.

Basi yafaa kurudi nyumbani. Katika sharika nyingi za Kilutheri, sadaka za ahadi husomwa hadharani kwa jina na kiasi. Sababu yake ni njema: uwazi, na kutiana moyo. Lakini mama muuza mboga aliye na bahasha ya shilingi elfu moja husikia jina lake likifuata jina la mwenye laki tano, na wiki nyingine hukaa nyumbani. Hakuna aliyemfukuza. Mnada wa mazao baada ya ibada una furaha yake, na kuku mmoja aweza kununuliwa mara nne kwa ajili ya Injili. Hata hivyo anayekwenda nyumbani bila kuku ni yule yule aliyemleta. Paulo aliwauliza Wakorintho kama wanakusudia kuwatahayarisha wasio na kitu, na aliuliza hayo akizungumzia Meza ya Bwana. Yakobo naye, katika sura ya 2, ataja viti: nafasi nzuri kwa mwenye pete ya dhahabu, na kwa maskini mahali pa kusimama.

Serikali, katika mpango wa kunusuru kaya maskini unaoendeshwa na TASAF, hulazimika kuorodhesha kaya hizo, na majina huthibitishwa katika mkutano wa kijiji. Orodha ni chombo cha lazima cha kugawa. Lakini Kanisa likianza kuwaita watu wake "wasiojiweza wetu", ilhali dakika kumi kabla kasisi ameongoza maungamo ambamo wote walikiri kwamba hawajiwezi, pana lugha mbili katika nyumba moja. Yakobo sura ya 3 yasema juu ya ulimi umhimidio Mungu na kuwalaani watu waliofanywa kwa mfano wake.

Kitabu hiki cha miaka 100 chenyewe kina mtihani huo. Historia za sharika huwakumbuka wamisionari, wachungaji na wafadhili, na ni haki. Waliosomba mawe ya msingi kichwani na kufyatua matofali kwa maji ya kuchotwa bondeni kwa kawaida huandikwa kwa neno moja: "waumini". Mtu maskini wa Mhubiri aliyeuokoa mji angeliona neno hilo akalitambua. Wazee wenye kumbukumbu wangalipo. Wahariri wa toleo lijalo wangeweza kuwauliza majina.

Tarehe 16 Februari 1546, siku mbili kabla ya kufa kwake mjini Eisleben, Luther aliandika maneno machache juu ya kipande cha karatasi. Alisema kwamba mashairi ya Vergilius juu ya wachungaji hayaeleweki na mtu ambaye hakuchunga miaka mitano, wala yale ya kilimo na mtu ambaye hakulima miaka mitano. Na kwamba asidhani mtu ameyaonja Maandiko Matakatifu ya kutosha, isipokuwa ameyaongoza makanisa pamoja na manabii kwa muda wa miaka 100. Usharika huu umeifikia hesabu hiyo. Karatasi ile iliandikwa kwa Kilatini, lugha ya wasomi na ya madhabahu. Lakini mwishoni, alipofikia kusema kwamba wanadamu wote ni ombaomba, Luther aliacha Kilatini akaandika kwa Kijerumani, lugha aliyofundishwa na mama yake. Kisha akarudi kwenye Kilatini kwa maneno machache tu, ya kuthibitisha kwamba hiyo ni kweli.