Tulipomtazama Jirani

Mwenye Biblia karibu na aifungue katika Injili ya Luka, sura ya 13, kifungu cha 10 hadi cha 17. Asiye nayo asikilize tu.

Kabla hatujafika huko nataka tuzungumze juu ya televisheni. Wengi wenu mmekwisha kuviona vile vipindi vya Marekani ambamo mtu wa kawaida huchukuliwa akageuzwa sura mbele ya watu. Mnene hukondeshwa, mwenye meno mabovu hutiwa mapya, na mwisho watu hupiga makofi na kulia. Nasi nyumbani twalia nao. Sitawaambia kwamba machozi yale ni dhambi. Kufurahi na anayefurahi ni jambo jema, na huenda mtu akapata moyo wa kwenda kwa daktari kwa kumwona mwenzake amejaribu.

Lakini hebu tujitazame sisi tunaotazama. Mwaka 2004 palikuwa na kipindi kiitwacho The Swan. Kila juma walionyeshwa wanawake wawili. Kwa miezi mitatu walikuwa wamepasuliwa na madaktari na kufanyishwa mazoezi, wala hawakuruhusiwa kujiona kwenye kioo. Siku ya mwisho pazia lilifunguliwa, kila mmoja akajiona. Kisha mmoja alichaguliwa kuendelea na shindano la urembo, na wa pili akaambiwa arudi kwao. Yaani mwanamke amekatwa kwa kisu, amekaa miezi bila kioo, na bado anaambiwa hajatosha! Na sisi tuliokaa kitini, kikombe cha chai mkononi, tumekwisha kuamua mapema: huyu ndiye, yule pua yake bado. Ni nani aliyetuweka kuwa mahakimu wa pua?

Mwaka huo huo kilianza kingine, The Biggest Loser, cha watu wanene wanaoshindana kupunguza uzito. Wataalamu wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani waliwafuata watu 14 walioshindana mwaka 2009, wakawapima tena baada ya miaka sita, na matokeo yakatolewa mwaka 2016. Katika majuma 30 ya mashindano kila mmoja alikuwa amepunguza kilo 58 kwa wastani. Kati ya hizo, kilo 41 zilikuwa zimerudi. Tena miili yao ilikuwa ikichoma chakula polepole kuliko ilivyotazamiwa kwa watu wa ukubwa wao, upungufu wa kalori 500 hivi kwa siku. Maana yake ni kwamba chakula ambacho jirani anakila bila shida, yeye akikila kinamnenepesha. Huo si uvivu. Ni mwili unaopigania ulichopoteza. Lakini yule mtazamaji aliyempigia makofi, akikutana naye sokoni, atasema nini? Atasema, "Kumbe alishindwa."

Na sisi huku, hata televisheni hatuihitaji. Simama mlangoni mwa kanisa baada ya ibada usikilize. "Mama Fulani, mbona umenona hivyo?" "Na wewe binti, siku hizi umekuwa mweusi hivi, unajipaka nini?" Twasema kwa kicheko, tena mbele ya watu. Halafu twashangaa msichana akinunua krimu ya kujichubua kwa siri, na pengine ndani yake mna zebaki, ambayo hudhuru figo.

Haya, turudi kwa Luka. Yumo mwanamke katika sinagogi, mgongo wake umepinda miaka 18, hawezi kabisa kujinyosha. Nadhani watu walikuwa wamekwisha kumzoea, kama nguzo ya jengo. Yesu akamwona, akamwita, akamwekea mikono, naye akanyoka. Mkuu wa sinagogi akakasirika kwa kuwa ilikuwa sabato. Basi liangalieni jibu la Bwana. Anamwita binti wa Ibrahimu, na hiyo ndiyo sababu anayoitoa ya kumfungua. Hasemi kwamba amekuwa binti kwa kuwa mgongo umenyoka. Alikuwa binti miaka yote ile 18, alipokuwa akiona vumbi na nyayo za watu tu. Wala Bwana hakusimamisha wanawake wawili waliopinda ili amchague mmoja.

Jioni, watoto wakimcheka mtu wa kwenye televisheni kabla hajageuzwa, waulizeni: kama huyu angekuwa shangazi yenu, mngemcheka? Msizime kwanza. Ngojeni wajibu.

Tuombe. Ee Bwana, twawakumbuka wale waliosimamishwa juu ya mizani mbele ya ulimwengu, kamera zikaondoka, uzito ukarudi. Twamkumbuka dada aliyeambiwa hajatosha, na msichana anayetusikiliza sasa, mwenye krimu chini ya mto. Uwaone, Bwana, na uwaite. Amina.