Udongo wa Msitu Nao Una Kazi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Katika ajenda ya leo limo pendekezo la kufyeka msitu ulio nyuma ya mabweni ili tupate shamba la mahindi, na badala yake kupanda miche kando ya uwanja wa mpira. Waliolitoa wana nia njema, maana chakula cha wanafunzi ni jambo la lazima. Lakini kabla hatujapiga kura, naomba tuutazame msitu huo chini ya majani yake makavu.

Iko gesi iitwayo metheni. Gesi asilia ya Songo Songo ni metheni kwa sehemu kubwa. Hutoka pia katika vinamasi, mashamba ya mpunga, majaa ya takataka na matumbo ya ng'ombe wanaocheua. Ikiwa angani huzuia joto lisitoke duniani. Kwa kipimo cha miaka 100, tani moja ya metheni huongeza joto mara 28 hivi kuliko tani moja ya hewa ukaa. Kabla ya zama za viwanda, katika kila sehemu bilioni 1 za hewa, metheni ilikuwa sehemu 700 hivi. Leo zimepita 1,900.

Sehemu kubwa ya gesi hii huharibiwa huko huko angani. Lakini udongo usiotuama maji, hasa wa misitu, nao humeza kiasi kinachokadiriwa kuwa tani milioni 30 kwa mwaka duniani kote. Sentimita chache chini ya majani yaliyooza wanaishi bakteria ambao chakula chao ni metheni. Hewa hupenya katika vitundu vya udongo, nao huiunganisha metheni na oksijeni ili wapate nguvu. Yanayobaki ni maji na hewa ukaa, ambayo madhara yake ni madogo zaidi.

Vijana mtauliza, jambo hili hupimwaje? Wataalamu hufunika udongo kwa chombo mfano wa ndoo iliyopinduliwa, kisha huvuta hewa ya ndani kwa bomba la sindano kila baada ya dakika kadhaa. Metheni ikizidi kupungua, udongo unaimeza.

Sasa tukifyeka na kulima, udongo huvurugika na kushindiliwa, na hewa haipenyi vizuri. Mbolea ya chumvichumvi yenye nitrojeni nayo huwazuia bakteria hao. Jambo hilo lilionyeshwa mwaka 1989 katika msitu wa Harvard, Massachusetts, Marekani. Tena hawarudi upesi, kwa sababu chakula chao hewani ni haba mno. Uchunguzi uliotolewa mwaka 1997 kuhusu mashamba ya Denmark na Uskoti yaliyorudishwa kuwa misitu ulionyesha kwamba udongo unaweza kuhitaji zaidi ya miaka 100 kurudia nguvu yake ya kwanza.

Sitaki kutia chumvi. Hekta moja ya msitu humeza kilo chache tu za metheni kwa mwaka, na msitu wetu peke yake hautaipoza dunia. Lakini haba na haba hujaza kibaba: zile tani milioni 30 zinatokana na hekta kama hizi zetu.

Sisi watumishi wa serikali tumezoea kuandika katika taarifa zetu idadi ya miche iliyopandwa. Ni kazi nzuri, na miche ile ipandwe. Ila isihesabiwe kuwa fidia ya msitu huu, kwa kuwa miti itakua upesi kuliko udongo utakavyopona.

Kwa hiyo natoa hoja: mahindi yalimwe katika shamba la zamani la shule, upande wa barabarani, ambalo limelala misimu kadhaa. Nami niko tayari kuchangia gharama za kulilima. Msitu ubaki, na walimu wa sayansi wautumie kufundishia.