Kompyuta Mbele ya Tanuri la Mafuta



Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta, na katika jedwali lile Musoma, Bunda na Butiama zina mistari yake. Tunasoma, tunaguna, tunakwenda kituoni. Juma hili naomba tutazame nyuma ya bei, kwenye mtambo unaosafisha mafuta hayo, kwani sasa kompyuta inafundishwa kuuongoza.

Kazi yenyewe si ngeni kwetu. Mpika gongo, nami simtaji mtu, anajua moto ukizidi mali imeharibika. Mtamboni, mafuta ghafi huchemshwa katika tanuri hadi nyuzi joto 350 hivi za Selsiasi, mvuke hupanda mnara mrefu, na kila aina hupoa kwa ngazi yake: petroli juu, mafuta ya taa katikati, dizeli chini yake. Mpaka wa ngazi ukikosewa, petroli huingia kwenye mafuta ya taa. Yakimfikia mama wa Mwisenge mwenye jiko la utambi, jiko linaweza kumlipukia.

Ili kujua kama mpaka uko sawa, sampuli hupelekwa maabara, na majibu huchukua saa kadhaa huku mafuta yakiendelea kutiririka. Hapo ndipo kompyuta inapoingia. Husomeshwa kumbukumbu za miaka mingi, yaani joto, mgandamizo na mtiririko, pamoja na majibu ya maabara ya siku zile. Ikishajifunza, hukisia jibu dakika ile ile, na vali hurekebishwa mapema. Huko Japani, mwaka 2022, kampuni za Yokogawa na JSR ziliiachia kompyuta ya namna hii mnara wa kiwanda cha kemikali kwa siku 35 mfululizo.

Mimi sishangilii upesi. Machi 2005, kwenye mtambo wa BP huko Texas City, Marekani, mnara ulijaa kupita kiasi huku geji ikionyesha kwamba kiwango kinashuka. Watu 15 walikufa. Kompyuta nayo husoma geji hizo hizo. Iliyofundishwa vizuri italinganisha kilichoingia na kilichotoka, kisha itie shaka. Iliyofundishwa ovyo itaamini.

Na kufundisha kunataka kumbukumbu. TIPER ya Kigamboni ilianza kusafisha mafuta mwaka 1966, enzi za mwana wa Butiama. Leo ni maghala. Mtambo wa Changamwe, Mombasa, ulioanza mwaka 1963, ulizimwa mwaka 2013. Madaftari ya zamu ya mafundi wetu wale, nani aliyatunza?

Nauliza kwa sababu Machi 2025 Uganda ilitia saini na kampuni ya Alpha MBM ya Falme za Kiarabu kujenga mtambo Hoima, wa mapipa 60,000 kwa siku. Mafuta ya huko yana nta nyingi. Bila kupashwa joto huganda, ndiyo maana hata bomba la kwenda Tanga limebuniwa la kupashwa moto. Kompyuta iliyosomea mafuta ya Ghuba itabidi ianze darasa upya, na mwalimu wake atakuwa kijana wa zamu anayeandika vipimo usiku wa manane. Basi awe kijana wa Afrika Mashariki tangu siku ya kwanza. Na kabla tanuri halijawashwa, iandikwe kwenye mkataba kwamba vipimo hivyo ni mali ya nani.

Hadi juma lijalo.