Mji wa Kasongo na Watu Walioujenga





Maudhui ya mazungumzo haya ni mji wa Kasongo: mahali ulipo, jinsi ulivyoanza, na watu waliouinua. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Husikika penye baraza mtu akisema kwamba fulani ametoka katika ukoo wa mabwana, na fulani katika ukoo wa watumwa. Neno la namna hiyo laweza kuvunja posa, laweza kumweka mtu nyuma penye shauri la msikiti, na laweza kumfanya mtoto aone haya kumtaja bibi yake. Basi yafaa historia yenyewe iulizwe, kisha ionekane kama inamtolea ushahidi mwenye kujigamba au inamkanusha.

Kwanza, nchi. Kasongo ni mji wa kusini mwa jimbo la Maniema, katika Kongo, kiasi cha digrii 4 na nusu kusini ya Ikweta. Upande wa magharibi wapita mto Lualaba, ambao ndio mto Kongo wenyewe kabla haujachukua jina lake kubwa. Kusini kuna mbuga za nyasi. Kaskazini msitu mkubwa waanza kufunga njia. Mji uko penye mpaka wa nchi hizo mbili, na kwa hiyo tangu zamani ukawa mahali pa kukutana watu: Wazimba, Wazula, Wakusu, Wabangubangu na wengineo wenye kulima na kuwinda, na huko mtoni Wagenya, mabwana wa mitumbwi, ambao bila ridhaa yao msafiri hakuvuka.

Njia ya biashara ilitoka mashariki. Misafara ilianza Bagamoyo, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika, kisha ikapanda kwa Kabambare mpaka Maniema. Walichotafuta watu wa pwani kilikuwa pembe za ndovu. Na kwa kuwa pembe zilihitaji mabega ya kuzibeba, na vituo vilihitaji mikono ya kulima, watu nao walikamatwa. Nyangwe, uliopo magharibi ya Kasongo kwenye ukingo wa mashariki wa Lualaba, ndio uliotangulia kuwa mji wa wafanya biashara hao.

Hapana haja ya kuyaficha yaliyotendeka. Tarehe 15 Julai 1871, watu wa wafanya biashara wa Nyangwe waliufyatulia risasi mkutano wa soko, na wengi waliokuwapo sokoni walikuwa wanawake waliokuja kuuza vyakula vyao. Watu kwa mamia waliuawa, wengine kwa bunduki na wengine kwa kuzama mtoni walipokuwa wakikimbia. Livingstone alikuwapo akaona kwa macho yake, na habari zake zilipofika Uingereza zilitia nguvu madai ya kufungwa kwa soko la watumwa la Unguja, lililofungwa mwaka 1873. Waliopiga bunduki walijiita watu wa dini. Dini haikuwaamuru hayo, na anayeipenda dini hana sababu ya kuwatetea.

Miaka michache baadaye, kiasi cha 1875, alifika Kasongo Hamed bin Muhammed el Murjebi, mzaliwa wa Unguja, ajulikanaye zaidi kwa jina la Tippu Tip. Akapafanya mahali hapo makao makuu ya enzi yake, na mwaka 1876 Stanley alimkuta katika nchi hizi, akapatana naye amsindikize kushuka Lualaba. Tippu Tip aliacha habari za maisha yake kwa Kiswahili, nazo zilitolewa kitabu mara ya kwanza na Mjerumani Brode mwanzoni mwa karne ya 20.

Katika habari hizo mna jambo moja lipasalo kukumbukwa leo. Kabla ya kukaa Kasongo, Tippu Tip alifika Utetela, nchi ya mtawala mzee aliyeitwa Kasongo Rushie. Huko alijitambulisha kuwa ni mjukuu wa mwanamke wa ukoo wa mtawala huyo, aliyechukuliwa mateka zamani na kufikishwa nchi ya pwani. Mzee akafurahi, akampokea kama damu yake, akamwachia utawala. Wengi wameona kwamba ilikuwa hila tu. Lakini hata ikiwa hila, fundisho lake ni kubwa: bwana yule mwenye bunduki nyingi na pembe nyingi, alipotaka kukubaliwa kuwa mtawala wa bara, alijipatia bibi wa bara, tena bibi mateka.

Ama mji wenyewe wa zamani, haukuwa pale pale palipo mji wa leo. Mahali pake paitwa Tongoni, na jina hilo lajieleza, maana tongo ni mahame, makao yaliyoachwa. Wazungu walioingia mwaka 1893 walistaajabu kuona mji mkubwa wenye nyumba nzuri, maghala yaliyojaa, na mashamba ya mpunga, mahindi na miwa, pamoja na miti ya matunda. Lakini nani aliyepiga udongo wa kuta zile? Nani aliyefyeka msitu na kupanda mpunga? Ni watu wa nchi hii, na wengi wao walikuwa wameletwa kwa nguvu. Mpunga uliletwa na watu wa pwani, ni kweli. Lakini uliota kwa jasho la watu wa Maniema, nao ndio waliobaki nao. Hata leo mpunga wa Maniema hulimwa kwa mvua, juu ya ardhi iliyofyekwa, na wali ni chakula cha heshima cha mji huu.

Tippu Tip aliondoka Kongo mwaka 1890, akafa Unguja mwaka 1905. Nyuma yake Kasongo ilibaki mkononi mwa mwanawe, Sefu bin Hamed. Mwaka 1892 vita vikazuka kati ya mabwana hao na serikali ya mfalme Leopold wa Ubelgiji. Mnamo Desemba 1892 maofisa wawili wa serikali hiyo, Lippens na De Bruyne, waliuawa Kasongo. Jeshi la Dhanis likaiteka Nyangwe Machi 1893, na Kasongo tarehe 22 Aprili 1893. Sefu akafa vitani mwaka ule ule. Wala isidhaniwe kwamba vita vile vilikuwa vya Wazungu na Waarabu peke yao. Askari walio wengi wa pande zote mbili walikuwa Waafrika, na Ngongo Lutete, aliyekuwa nguvu kubwa upande wa Tippu Tip, ndiye aliyegeuka na kulisaidia jeshi la Dhanis. Naye baadaye, Septemba 1893, alipigwa risasi kwa amri ya maofisa wa serikali hiyo hiyo aliyoisaidia.

Mabwana wakaondoka au wakafa. Basi ni nani aliyebaki na Uislamu Kasongo? Walibaki wale waliokuwa wapagazi, wakulima, askari, wapishi na akina mama wa nyumbani. Katika lugha ya misafara watu wa bara waliitwa washenzi, na mtu huru mwenye adabu za pwani aliitwa muungwana. Baada ya mabwana kutoweka, wale waliodharauliwa ndio waliojiita Waungwana, na lugha yao ikaitwa Kingwana. Walilitwaa jina la uhuru, wakalistahiki kwa sala zao, kwa kazi yao na kwa kulea watoto wao.

Sheria ya dini nayo ilifanya kazi yake kimya kimya. Mtoto aliyezaliwa na bwana kwa kijakazi wake huzaliwa huru, na mama yake huwa huru bwana anapofariki. Kwa hiyo ukoo wenye jina la Kiarabu kwa baba, mara nyingi una mateka wa Maniema kwa mama. Mwenye kumtukana mtumwa, huenda anamtukana bibi yake mwenyewe.

Zama za Wabelgiji zilikuwa za subira. Serikali iliwatilia shaka Waislamu, na mpaka miaka ya 1950 karibu shule zote zenye msaada wake zilikuwa mikononi mwa misheni. Mzazi alipaswa kuchagua: ama ampeleke mtoto kwenye shule ya misheni, ama amwache na chuo cha Kurani peke yake. Hasara ya uchaguzi huo ilionekana wazi uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, maana Waislamu wenye elimu ya kazi za serikali walikuwa wachache. Reli nayo, iliyotoka Kindu kwenda Kongolo, ilipita ng'ambo ya magharibi ya Lualaba, ikauacha mji kando. Hata hivyo chuo hakikufungwa, adhana haikukatika, na Maniema ikabaki kuwa nchi yenye Waislamu wengi kuliko nchi nyingine za Kongo.

Basi historia haimtolei ushahidi mwenye kujigamba kwa nasaba. Dini yafundisha kwamba ubora ni kwa uchaji, wala si kwa rangi wala kabila. Na mji huu ni dalili yake, maana wenye nguvu walipita na wenye subira wakarithi.

Mambo matatu yapasa kutendwa. La kwanza, neno la utumwa litoke katika posa na katika shauri la msikiti. La pili, majina ya mabibi, pamoja na vijiji walikotoka, yaandikwe na vijana wakati wazee wangali hai, maana mzee akizikwa, yote aliyoyajua yazikwa pamoja naye. La tatu, Tongoni itunzwe. Wataalamu wa mambo ya kale wamekwisha kufika kuchimba na kuuliza habari zake. Itakuwa aibu ikiwa wageni watapajua mahali hapo kuliko wenyewe.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, wale waliotajwa vitabuni na wale wasiotajwa, na aujaalie mji wa Kasongo amani na elimu. Amin.